Land Rover 109: pedali ya breki inazama, silinda za mbele zinavuja mara ya tatu. Naombeni ushauri

Kanyagio_Moshi
Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, nina Land Rover 109 (ile ndefu) Series III ya petroli ambayo naifufua tangu mwanzoni mwa mwaka. Bodi imekamilika, injini inawaka vizuri, nimekwama kwenye breki. Nikikanyaga, pedali inashika nusu, halafu nikiendelea kuikandamiza inazama polepole mpaka chini. Nikitembea kama kilomita tano, ngoma za mbele zinakuwa za moto na gari linakuwa zito kama linavutwa nyuma. Likipoa linaachia lenyewe. Silinda mbili za mbele nimeshabadilisha raba mara mbili, na sasa zinavuja tena.

Swali langu: raba zinazouzwa sasa hivi ni feki, au kuna aina maalumu? Na je, breki za diski za gari jingine zinaingia humu? Nataka liwe sawa kabla ya tarehe 23 Desemba. Natanguliza shukrani.

Sakina_Springi
Mkuu, kabla ya breki angalia springi. Gari lililokaa muda mrefu majani ya springi hushikana kwa kutu, springi inakuwa ngumu. Fungua springi zote nne, tenganisha majani, piga brashi ya waya, kagua ncha za kila jani. Kama ncha imechimba mfereji kwenye jani la juu yake, hapo ndipo litakapokatikia. Na usichanganye springi za mbele: ya upande wa dereva ina mkunjo mkubwa zaidi, kwa sababu upande huo ndio unaobeba mzigo muda wote. Ukizigeuza gari litalala upande mmoja.

Bushi mpya zikiingia, bolti zake usizikaze likiwa juu ya jeki. Lishushe chini, litikise, ndipo ukaze. Ukikaza likiwa linaning'inia, raba ya bushi inabaki imesokotwa maisha yake yote na itapasuka mapema.

Dada_Spea
Springi zisubiri kidogo. Kanyagio, raba feki zipo, lakini raba feki huvuja. Hazifanyi gari lijifunge breki lenyewe likipata moto na kuachia likipoa. Hiyo ni dalili nyingine kabisa. Kwenye kopo la masta (silinda kuu inayosukumwa na pedali) uliweka mafuta gani?

Habari ya diski iache kwa sasa. Unahitaji habu, kalipa (zile zinazobana diski), masta inayolingana na kalipa hizo, na mara nyingi nguvu ya msaada ya kanyagio. Utatumia pesa nyingi kabla hujajua ngoma zako zina shida gani.

Kanyagio_Moshi
Asanteni. Mafuta ni ya breki ya kawaida, DOT 4. Springi hazina tatizo, majani niliyasafisha na nikaongeza jani moja nyuma. Naomba turudi kwenye aina ya raba.

Ngoma_Inchi11
Ndugu yangu, dalili ulizotaja zinasimulia zenyewe. Ndani ya masta kuna njia ndogo ya kurudishia mafuta kwenye kopo, na hufunguka pale tu pistoni inaporudi mpaka mwisho. Raba ikivimba, njia hiyo inabaki imezibwa. Mafuta yaliyoko kwenye mabomba yanapata joto, yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma viatu vya breki vishike ngoma. Ngoma zinapata moto zaidi, mafuta yanatanuka zaidi. Likipoa, linaachia. Raba hiyohiyo iliyovimba imekuwa laini kama jojo, mdomo wake hauzuii shinikizo, ndiyo maana pedali inazama.

Raba ya breki haivimbi hivyo kwa mafuta ya breki. Huvimba kwa mafuta ya madini: oili ya injini, dizeli, petroli, haidroliki. Nakuomba ujibu moja kwa moja: tangu ulianze gari hili, kuna chochote kisicho mafuta ya breki kilichowahi kuingia kwenye kopo lile?

Kanyagio_Moshi
Sawa, nitasema. Mwezi wa nne tulikuwa tunatoa upepo kwenye mabomba ya breki, mafuta ya breki yakaisha na maduka yalikuwa yamefungwa. Fundi akaongezea haidroliki nyekundu ya stelingi, kidogo tu, kama vikombe viwili vya chai. Siku mbili baadaye tukaimwaga yote, tukasafisha mabomba kwa petroli, tukaweka DOT 4 mpya. Kwa hiyo hiyo imeshatoka na sioni inahusikaje na leo. Silinda za nyuma hazijavuja hata tone, na fundi anasema zisiguswe.

Ngoma_Inchi11
Inahusika kwa kila kitu, na petroli imeongeza madhara. Raba ya breki ikishanyonya mafuta ya madini hairudi, hata uioshe mara kumi. Zaidi ya hapo, inayatema polepole ndani ya mafuta mapya. Umeweka raba mpya mbele, lakini masta, silinda za nyuma na hosi za mpira bado zina sumu ileile, na kila ukikanyaga unaisukuma kuja mbele. Ndiyo maana raba zinakufa moja baada ya nyingine. Ukitengeneza tairi moja moja hutamaliza.

Kama unaona natia chumvi, fanya hivi usiku huu. Chota kijiko kimoja kutoka kwenye kopo la masta, weka kwenye glasi ya maji, koroga. Mafuta halisi ya breki huyeyuka ndani ya maji. Ukiona duara za mafuta zinaelea juu, una jibu. Kisha weka raba mpya kando ya ile uliyotoa, pima kipenyo kwa kalipa ya kupimia.

Kazi yenyewe: toa masta, silinda zote na hosi zote tatu, mbili za mbele na moja ya nyuma inayotoka kwenye chesi kwenda kwenye ekseli. Hosi ni mpira, kwa ndani hujui imevimba kiasi gani, kwa hiyo haioshwi, inatupwa. Mabomba ya chuma yanaokoka: yapitishe spiriti ya kuwashia, mara mbili tatu, mpaka itoke safi, halafu puliza upepo mkavu wa kompresa. Usitumie petroli, dizeli wala mafuta ya taa. Silinda zikiwa na mikwaruzo au vishimo vya kutu ndani, raba mpya haitadumu, nunua silinda nzima. Wakati wa kufunga, pakaa raba mafuta ya breki yenyewe au grisi maalumu ya raba. Grisi ya beringi hairuhusiwi kugusa humo.

Viatu vilivyolowa havioshwi, bitana yake ni kama sponji. Badilisha pande zote mbili za ekseli ileile. Na kabla hujavifunga, nusa kilichovilowesha. Oili ya difu (gia zilizo katikati ya ekseli) ina harufu kali ya kiberiti, na ikiwa ndiyo hiyo, sili ya habu imekwisha na viatu vipya vitaloa tena ndani ya wiki. Mafuta ya breki hayana harufu hiyo, ila hula rangi.

Kihamba_Kwanza
Mimi nimeona tarehe 23 Desemba na nimeelewa. Unataka kupandisha familia Krismasi. Mahali gani?

Kanyagio_Moshi
Marangu, juu karibu na lango la hifadhi. Ndiyo, tuko wanane, na wazee wameshaambiwa tutakuja na gari letu. Raba za mbele nimeshanunua seti ya tatu, na nimeshamlipa fundi anichomelee shakeli (vyuma vinavyoshika ncha za springi kwenye chesi) ndefu zaidi kwa inchi mbili, ili tumbo lisiguse mawe. Nilikuwa nafikiria nibadilishe masta na mbele tu sasa, za nyuma Januari. Nitashuka polepole, gia ya pili.

Kihamba_Kwanza
Kanyagio, wazee wanawataka ninyi, gari ni la baadaye. Kupanda na breki mbovu kila mtu anaweza, kushuka ndiko kunakohesabiwa. Pandeni Hiace mwaka huu, mfike salama.

Dada_Spea
Niongeze hesabu. Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800, Moshi mjini ni chini ya 1,000. Gari lenye tani mbili na watu wake likishuka mita 900 linaachia joto linaloweza kuchemsha zaidi ya lita 50 za maji. Injini ikisaidia kwa gia ndogo, sehemu kubwa inaishia huko. Isiposaidia, yote inaingia kwenye ngoma. DOT 4 mpya huchemka kwa nyuzi 230 au zaidi, lakini iliyonyonya unyevu hushuka mpaka karibu 155. Ikichemka inakuwa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inafika chini bila kazi yoyote.

Jicho_Kali
Samahanini wote mliojitaabisha kuandika. Hii ni chai. 109 ina silinda mbili kwa kila tairi la mbele, jumla nne. Mleta uzi anasema "silinda mbili za mbele" na amebadilisha raba mara mbili bila kushangaa. Mtu anayefungua breki kwa mikono yake hawezi kukosea hilo. Ama hana gari, ama ameliona kwenye picha.

Sakina_Springi
Hata mimi nilijiuliza. Majani ya springi kayasafisha, bodi kaimaliza, ila idadi ya silinda haijui?

Kanyagio_Moshi
Imeniuma kuitwa mwongo. Silinda ni moja kwa kila tairi la mbele, nimezifungua mwenyewe, ndiyo maana nimesema mbili. Sikujua kwamba zinatakiwa kuwa nne. Niambieni nipime nini, nitapima sasa hivi.

Ngoma_Inchi11
Jicho_Kali, hoja yako ni ya haki, lakini kuna maelezo mengine kabla ya uongo. Kanyagio, vua ngoma ya mbele, pima kipenyo cha ndani. Kisha pima ya nyuma.

Kanyagio_Moshi
Mbele milimita 254. Nyuma 279 na ushei kidogo. Na glasi ya maji nimefanya: kuna vijiduara vinaelea juu.

Ngoma_Inchi11
Basi una gari, na una tatizo kubwa kuliko ulilokuja nalo. Milimita 254 ni inchi 10, hiyo ni breki ya Land Rover fupi, 88. Nyuma una inchi 11 ya 109. Mtu aliyekutangulia alifunga ekseli ya mbele ya 88, inaingia bila kelele na kwa nje hutofautishi.

Maana yake ni hii. Kwenye 109 kila kiatu cha mbele kina silinda yake, na vyote viwili vinajivuta vyenyewe kwenye ngoma gari likienda mbele. Kwenye 88 silinda moja inasukuma viatu viwili, kimoja tu ndicho kinachojivuta. Gari likifunga breki, uzito unakimbilia mbele, nawe mbele ndiko ulikopungukiwa. Nyuma itajifunga kwanza, na kwenye mteremko wenye changarawe gari litageuka.

Angalia na masta. Ya 109 kwa kawaida ni ya inchi 1, ya 88 ni ya robo tatu. Nene inasukuma mafuta mengi kwa shinikizo dogo. Ikilisha silinda ndogo chache, utakanyaga kwa nguvu zote na gari litaendelea kwenda.

Seti ya tatu ya raba usiifunge. Tafuta breki kamili za mbele za 109: sahani za nyuma ya ngoma, ngoma za inchi 11, viatu, silinda nne, na bomba fupi linalounganisha silinda mbili za kila tairi. Zinafunga kwenye ekseli hiyohiyo ya 88, huna haja ya kutafuta ekseli. Kulia na kushoto hazifanani, ukizibadilisha viatu vitajivuta gari likirudi nyuma tu. Ngoma za mitumba zipelekwe kuchongwa zote mbili kwa kipimo kimoja, usichonge moja.

Kurekebisha viatu: kila tairi la mbele litakuwa na adjasta mbili, moja kwa kila kiatu. Zungusha tairi kwa mkono, kaza adjasta mpaka tairi ligome, kanyaga pedali mara moja viatu vijipange, kaza tena, kisha legeza mpaka tairi lizunguke huru. Kutoa upepo anza na lililo mbali zaidi na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Weka lita mbili mkononi, na mafuta yaliyotoka kwenye chupa ya kutolea upepo yasirudi kwenye kopo.

Jicho_Kali
Kanyagio, naomba radhi kwa dhati. Sikufikiria ekseli iliyobadilishwa.

Sakina_Springi
Na shakeli ndefu, kama hajachomelea bado, mwambie asimame. Inchi mbili zaidi na lile jani uliloongeza, ekseli ya nyuma itaning'inia chini kuliko hosi yake ilivyokatiwa. Tairi likidondoka shimoni hosi inavutika kama kamba. Pia unageuza pembe ya ekseli, propela (shafti ya kupeleka nguvu kwenye ekseli) inaanza kutetemeka na krosi, yaani viungo vyake, zinakufa. Springi zenye mkunjo sahihi zitakupa urefu wa kutosha. Yubolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, weka mpya, za zamani zimeshavutika, na uzikaze tena baada ya kilomita 500.

Kanyagio_Moshi
Nimempigia, alikuwa ameshakata vyuma lakini hajachomelea. Nimemwambia aache. Pesa yake imekwenda, sawa. Desemba tutapanda Hiace, nitawaambia wazee kesho. Naanza na nyuma asubuhi: nainyanyua kwa jeki upande mmoja, handibreki juu, nafungua silinda.

Dada_Spea
Subiri hapo. Handibreki ya Land Rover hii haishiki matairi, inashika propela ya nyuma pale nyuma ya gia boksi. Ukinyanyua tairi moja la nyuma, difu inaliruhusu lizunguke hewani, na lile la chini linakuwa huru. Gari litatembea na kuanguka kutoka kwenye jeki, tena wewe uko chini. Kinga matairi yote mawili ya mbele kwa magogo, mbele na nyuma yake, nyanyua ekseli nzima ya nyuma, iweke juu ya stendi mbili, ndipo uvue tairi.