Naomba ushauri: naogopa upasuaji wa kupunguza uzito

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Likoni, nina kilo 138 na kisukari cha aina ya pili, na kupanda kile kilima cha kivukoni kila asubuhi kumekuwa mtihani, kwani husimama mara mbili nikishika chuma huku watu wakinipita. Daktari amenishauri nikatwe mfuko wa tumbo, ambapo takriban asilimia 80 huondolewa na haurudishiki tena, kisha nitumie vitamini maisha yangu yote. Fomu ya idhini iko chini ya mto wangu, bado sijaitia sahihi.

Naogopa nusukaputi, naogopa mshono kuvuja, lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni Ramadhani: nimeambiwa nitalazimika kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, basi nitafungaje? Mume wangu yuko nami. Mama yangu anasema ninakata kiungo kizima kisicho na ugonjwa, na neno hilo limenikaa moyoni.

Aliyepitia njia hii, tafadhali anieleze miezi ya kwanza ilikuwaje, na alianza kufunga baada ya muda gani. Nimepangiwa wiki tatu zijazo.