btmp na wtmp (faili za rekodi za kuingia) zimejaza diski ya seva, nifute au?

dagaa_mwaloni: Habari wakuu, naombeni msaada wa haraka. Nasimamia seva ndogo ya Linux ya ofisi ya wanunuzi wa dagaa hapa mwaloni Kirumba, diski ni GB 20 tu, leo asubuhi mfumo wa mizani umegoma kuingiza mzigo unasema hakuna nafasi, nikaingia /var/log nikakuta btmp ina GB 6, wtmp MB 400, halafu lastlog eti 272G, sasa hiyo inakaaje kwenye diski ya 20? Nikizisoma kwa cat zinakuja herufi za ajabu. Nipige rm, yaani nizifute? Akina mama wapo nje wanasubiri risiti.

nyegezi_seva: USIPIGE RM mkuu. Ukiifuta wtmp au btmp mfumo hautengenezi nyingine papo hapo, unaacha tu kurekodi na hakuna atakayekuambia. Imwage, jina na ruhusa zibaki:

sudo truncate -s 0 /var/log/btmp

Hiyo btmp ni majaribio ya kuingia yaliyofeli, isome kwa sudo lastb -n 50. Rekodi moja ni baiti 384 kwa hiyo GB 6 ni zaidi ya mara milioni 15 watu wamebahatisha paswedi yako! Lastlog, rekodi ya mara ya mwisho kila mtumiaji kuingia, iache, kila namba ya mtumiaji imetengewa baiti 292, bila shaka una akaunti yenye namba inayokaribia bilioni, katikati ni patupu, pima kwa du -h utaona ni kidogo. Ila siku ya bakapu tumia tar yenye -S ili patupu pasijaze nakala.

Halafu angalia mipangilio ya logrotate, programu inayozungusha faili za log, nyingi zimewekwa monthly (mara moja kwa mwezi) tu. Kwenye btmp ongeza maxsize 50M, acha create 0660 root utmp, jaribu kwanza kwa logrotate -d.

musoma_kwetu: Naongezea, wtmp ni rekodi ya walioingia na kutoka, usiimwage kabla hujaipeleka kwenye flashi. Duka moja nililokuwa nahudumia stoo ilibadilishwa usiku, mwenye akaunti akakana kabisa, last -f kwenye nakala ya zamani ikaonyesha kuwa akaunti yake iliingia saa tano usiku kutoka kompyuta ya mtu mwingine, yule kijana angefukuzwa kazi bure.

Na hata ukimwaga leo itajaa tena kama SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, iko wazi kwa dunia nzima. Tumia funguo za SSH badala ya paswedi, weka PasswordAuthentication no, fail2ban inayozuia anwani zinazofeli mara nyingi pia inasaidia. Kabla hujafunga dirisha ulilonalo fungua la pili uhakikishe unaingia.

dagaa_mwaloni: Asanteni sana ndugu zangu, diski imeshuka hadi 68% na risiti zinatoka. lastb imejaa root, admin, test, oracle, majina ambayo mengine hata hatuna. wtmp nimeshaikopi. Jioni mzigo ukiisha naweka funguo, nitarudi hapa.