Hivi jina la Micere Mugo linawakwaza nini nyinyi watu?

Wadau leo niacheni nipige kelele. Wiki jana nimeenda shule ya binti yangu, wanaigiza The Trial of Dedan Kimathi, ule mchezo wa kiongozi wa Mau Mau ambao Micere aliuandika pamoja na Ngũgĩ, nafika getini nakuta bango kubwa la rangi, "Mwandishi: Ngũgĩ wa Thiong'o". Basi, yameisha. Nikainama nikidhani jina la pili liko chini limezibwa na seloteepu, wapi! Chini kulikuwa na namba ya simu ya jamaa aliyechapisha bango. Yaani wa printi kapata nafasi, Micere Githae Mugo kakosa.

Namuuliza mwalimu wa drama anacheka, ati "Mama Shiru, si huyo alikuwa anamtaipia tu Ngũgĩ?" KUTAIPU!! Mwanamke aliyechukua PhD Kanada, akarudi kufundisha fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, na kitabu kimetoka 1976 kina majina mawili kwenye jalada mpaka leo, kwani mwalimu anafundisha kitabu ambacho hajawahi kukishika?

Na mchezo wenyewe unabebwa na nani bana? Si yule Mwanamke anayepekuliwa na askari mzungu na kikapu chake, kumbe bastola iko ndani ya mkate. Ndiye anayepanga jinsi ya kumtoa Kimathi gerezani, hata jina hajapewa, anaitwa Mwanamke tu, na sasa hata aliyeshiriki kumuandika hana jina.

Mzee Ngũgĩ simsemi vibaya, Mungu amrehemu, yeye jina la mwenzake aliliweka. Tatizo ni sisi. Micere akawa mkuu wa kitivo (dean) wa kwanza mwanamke pale Chuo Kikuu cha Nairobi, 1982 baada ya jaribio la mapinduzi akakimbia nchi na mabinti zake wawili wadogo, serikali ya Moi ikamvua uraia, Zimbabwe wakampa wao. Amefariki Juni 2023 huko Syracuse, Marekani, alikofundisha miaka na miaka. Moi alimvua uraia, nyinyi mnamvua na kitabu?

Halafu ati wananiambia bango lishalipiwa haliwezi kurudiwa. Sawa. Shoo ya pili ni Ijumaa na mimi nishanunua maka peni nyeusi, ile nene. Nani mwingine amekutana na hii kwa shule ya mtoto wake?