Mrejesho: nimejifungulia nyumbani salama

Dada zangu, nikiwa na ujauzito wa wiki 34 niliwauliza namna ya kujiandaa kujifungulia nyumbani hapa Uingereza, nikiwa mbali na mama na shangazi zangu walioko Tanga. Alhamdulillahi, binti yetu ana wiki tatu sasa na ananyonya vizuri.

Huu ulikuwa uzazi wangu wa pili, na hilo ndilo lililonipa moyo, kwa kuwa mkunga alinieleza kwamba katika kila wanawake 100 wanaopanga kujifungulia nyumbani hapa England, wanaohamishiwa hospitali ni kama 45 kwa uzazi wa kwanza, lakini ni kama 12 tu kwa waliokwisha kuzaa. Hata hivyo, begi la hospitali lilikaa mlangoni tangu wiki ya 36. Aliyenishauri nizae bila mkunga, naomba aniwie radhi, sikumfuata.

Uchungu ulianza saa nane usiku. Wakunga walifika na gesi ya kutuliza maumivu, dawa ya kuzuia damu kutoka kwa wingi, na vifaa vya kumsaidia mtoto akishindwa kupumua, wakawa wanasikiliza mapigo ya moyo wake kila dakika 15. Kilichonifaa kuliko vyote ni ule ushauri wenu wa kutolala chali: nilitembea, nikaegemea meza, nikatoa pumzi polepole kwa mdomo huku mume wangu akinikanda kiuno. Mtoto alizaliwa saa moja na nusu asubuhi, na kondo la nyuma likatoka lote.