Mgonjwa wa saratani aache protini ili uvimbe "ufe njaa"?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Mama yangu mdogo anatibiwa saratani ya matiti. Juzi nimemkuta na uji wa sembe mtupu, hauna maziwa wala karanga. Pete ya ndoa ameivua, inamchomoka kidoleni. Jirani kamwambia protini ndiyo chakula cha uvimbe, akiiacha utakufa njaa.

Napinga, japo hoja yenyewe haikutoka hewani. Seli za saratani zina ulafi wa asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, hasa kile kiitwacho glutamini: humo zinapata nishati, na naitrojeni ya kujengea DNA ya seli mpya. Ipo hadi dawa inayozinyima chakula. Mwaka 1953 John Kidd, Marekani, aliona seramu (majimaji ya damu) ya simbilisi ikiyeyusha uvimbe wa panya. Baadaye ikajulikana kilichofanya kazi ni kimeng'enya, asparajinesi. Seli za lukemia (saratani ya damu) inayowapata zaidi watoto hazijitoshelezi kwa asparajini, asidi amino nyingine, zinaiokota kwenye damu. Sindano ya asparajinesi inaivunja humo humo, zinakwama. Hadi leo watoto wanatibiwa nayo.

Lakini hiyo ni sindano, siyo kufunga kula. Glutamini mwili unajitengenezea wenyewe, na ghala lake kubwa ni misuli. Usipokula, misuli inabomolewa, glutamini inaingia kwenye damu, na uvimbe unaendelea kujichotea. Anayekonda ni mgonjwa. Wataalamu wa lishe tiba wa Ulaya, ESPEN, wanashauri protini zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikiwezekana hadi 1.5. Mtu wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 90. Uji ule hauifikii hata robo.

Mchangiaji: Mkuu, mbona 2018 utafiti wa panya wenye saratani ya matiti ulionyesha wakipunguziwa asparajini kusambaa kwa saratani kunapungua? Jirani si mjinga kiasi hicho.

Mleta mada: Sijamwita mjinga, ndugu yangu, na utafiti huo ni wa kweli. Ila panya wale walilishwa chakula cha maabara kilichoondolewa asparajini tu, asidi amino nyingine zote wakaachiwa. Nani ataipimia nyumbani, wakati imo kwenye mayai, nyama, samaki na maharage? Mama mdogo ameondoa vyote. Nataka kusikia waliouguza: daktari au mtu wa lishe aliwaambia nini kuhusu chakula, au hakuna aliyewaambia kitu?