Naomba ushauri: Picture Style ipi inafaa ngozi zetu, na programu gani ya kuediti kwa anayeanza?

PichaMoro
Wakuu habari za jioni. Nina Canon EOS 200D na lenzi yake ya 18-55mm, nimeanza kupata kazi ndogondogo za sendofu na kipaimara hapa Morogoro. Kinachonisumbua ni rangi. Nikiweka Picture Style (mpangilio wa rangi wa kamera) ya Portrait, bibi harusi anatoka na wekundu mashavuni ambao hana. Nikiweka Landscape, kitenge kinawaka vizuri lakini nyuso zinakuwa ngumu, kila kovu linaonekana. Kuna jamaa ananiuzia preseti za Lightroom, ile programu ya kuediti, anasema nikizitumia tu picha zinakaa sawa. Laptop yangu ina RAM ya GB 4. Nianzie wapi? Na je, nikipiga RAW (faili ghafi la kamera) hizi Picture Style zina kazi tena? Jumamosi nina shughuli, naombeni msaada.

MzeeWaLenzi
Mkuu, nianze na swali lako la mwisho, ndilo linalofungua mengine. Picture Style ni maelekezo ambayo kamera inayafuata inapotengeneza JPEG, yaani picha iliyokamilika tayari kutumwa: kontrasti kiasi gani, rangi zikolee kiasi gani, kingo za vitu zikaze vipi. Ikishamaliza, data iliyobaki inatupwa. JPEG inabaki na ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, wakati RAW ya kamera yako ni ya biti 14, yaani ngazi 16,384. Ndiyo sababu ukijaribu kuutoa gizani uso uliozama, JPEG inakupa mabakamabaka na RAW inakupa ngozi.

Ndani ya RAW, Picture Style inaandikwa pembeni kama kumbukumbu tu, haiigusi data yenyewe. Digital Photo Professional, programu ya kuediti ya Canon, inaisoma na unaweza kuibadilisha baadaye utakavyo. Lightroom kwa kawaida haiifuati, inaanza na rangi zake za Adobe Color. Ndiyo maana picha inafunguka ikiwa nzuri, halafu ghafla inapoa. Ile uliyoiona mwanzo ni JPEG ndogo iliyopachikwa ndani ya RAW. Picha haijaharibika. Fungua profaili (orodha ya mitindo ya rangi ya Lightroom), tafuta kundi la Camera Matching, utakuta Camera Portrait, Camera Neutral na nyinginezo.

Lakini usidhani ukipiga RAW unaweza kuisahau kabisa. Histogramu (grafu ya mwanga) unayoiona kwenye kioo inatokana na ile JPEG. Ukiwa kwenye Landscape au umepandisha kontrasti, kamera itakuambia shela imeungua, yaani imekuwa nyeupe tupu, wakati RAW bado ina maelezo yake. Utaogopa, utapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi ndio utakaolipa. Kwa hiyo mimi naweka Neutral, Picture Style isiyokoleza rangi, hata ninapopiga RAW.

DadaWaStudio
Nakazia hapo kwenye uso, maana hili linaniuma. Wateja wetu wana ngozi za kila rangi, kuanzia maji ya kunde hadi weusi unaong'aa, na mtu ana haki ya kujiona alivyo kwenye picha ya siku yake. Enzi za filamu, Kodak walisambaza kwa maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zikaitwa kadi za Shirley; ngozi nyeupe ndiyo ikawa kipimo. Kwa hiyo mdogo wangu, usikubali kila kitu kamera inachokupa bila kukirekebisha.

Ingia kwenye Picture Style, chagua User Def. 1 (nafasi ya mpangilio wako mwenyewe), weka Portrait kuwa msingi wake, kisha fungua marekebisho yake ya ndani. Kuna Color tone, inakwenda kutoka -4 hadi +4. Upande wa kutoa ngozi inakuwa nyekundu, upande wa kujumlisha inaelekea njano. Jaribu +1, kontrasti shusha hadi -1. Hivyo hutaigusa ya kiwandani.

Kabla ya hayo yote, angalia mwanga. Kamera ikiona shela jeupe limejaa kwenye fremu inadhani kuna mwanga mwingi, inafifisha kila kitu. Pima mwanga usoni, siyo kwenye nguo. Na kama mmekaa chini ya turubai la bluu au la njano, hakuna Picture Style itakayoiondoa ile rangi. Mpe mtu ashike karatasi nyeupe pale walipokaa wahusika, piga picha moja, halafu kwenye programu bonyeza kidude cha mizani ya rangi juu ya karatasi hiyo. Ukinakili marekebisho hayo kwa picha zote za eneo hilo umemaliza.

Kijana_wa_Tabata
Hizo preseti achana nazo kwa sasa. Preseti ni namba za vitelezi zilizohifadhiwa, zilizopangwa kwa picha ya mtu mwingine na mwanga wake. Picha yako ikiwa na giza, inabaki na giza lenye rangi ya mtindo.

MamaTeddy_Picha
Naomba nitofautiane kidogo. Siku hizi mteja anataka picha zifike WhatsApp kabla hajatoka ukumbini. Ukimwambia asubiri RAW, shangazi ameshasambaza za simu. Piga RAW na JPEG kwa pamoja. JPEG za User Def. 1 unatuma usiku uleule, ukitaka kurekebisha kidogo tumia Snapseed, programu ya simu, ni ya bure. RAW unazifanyia kazi zile za albamu. Ila andaa kadi ya kumbukumbu: kwa kamera yako jozi moja ni kama MB 35 hivi, kadi ya GB 32 itabeba takriban picha 800.

MzeeWaLenzi
Hapo Mama Teddy umesema kweli, hata mimi sherehe nafanya hivyo.

PichaMoro
Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotarajia. Sasa kwenye laptop ya GB 4 niweke ipi?

Fundi_Rangi
Lightroom Classic inataka angalau GB 8, usiilazimishe. Anza na Digital Photo Professional, Canon wanaitoa bure. Kwenye tovuti yao wanaweza kukuomba namba ya kamera, iko chini ya bodi. Itakwenda taratibu kwenye mashine yako, kwa hiyo funga kivinjari na fungua folda ya picha chache chache. Faida yake ni kwamba utajaribu Picture Style zote juu ya RAW ileile na kuona kwa macho yako tofauti ya Faithful na Neutral, kitu ambacho ukumbini huna muda nacho. Ukiizoea, hamia RawTherapee au darktable, nazo ni za bure, ingawa darktable ina vitu vingi na inamchanganya anayeanza.

Kabla ya Jumamosi piga watu wawili watatu nyumbani, kivulini na chini ya taa, kwa mpangilio aliokupa Dada. Tuletee hapa JPEG na RAW zake tuziangalie.