Miezi saba naharisha, daktari kanishika shingo. Naombeni ushauri

Kipepeo: Habari zenu wakuu. Miezi saba naharisha, majimaji tu, mara sita mpaka nane kwa siku, usiku pia naamka. Nimemeza za minyoo, za amiba, choo kimepimwa mara tatu hamna kitu. Sasa daktari mpya badala ya tumbo kanishika shingo, anataka wanichome sindano hapo wavute chembe za kupima. Sijamwelewa. Kuna anayejua dawa ya tumbo ya uhakika?

Tulizo: Acha maziwa wiki mbili. Mimi yalinitesa mwaka mzima.

Mzee Kijana: Mnakula huku mnatembea halafu mnashangaa tumbo.

Nesi wa Usiku: Dada, shingo haishikwi bure. Kuna uvimbe? Na nyumbani kuna aliyeugua tezi?

Kipepeo: Kipo kidogo kulia, kama punje ya hindi, hakiumi, ninacho tangu mwaka juzi. Na uso huwa unawaka moto. Halafu mama alifariki na rovu, sikuona inahusiana ndo maana sikuandika. Ila vipimo vya tezi nimefanya vikatoka sawa, na sindano nimeshaamua sichomwi, mama alichomwa na baada ya hapo ndo likatapakaa.

Baharia: Mjomba wangu alivunjika nyonga akiinuka tu kitini, watu wakasema uzee, kumbe saratani ya tezi imeshafika mfupani na shingoni hakuna aliyeona kitu. Tangu siku ile sauti ikinikwaruza tu silali.

Jicho Kavu: Hii chai. Shingo ikuharishe? Na huyo mama mbona mwanzo hakuwepo, nesi kauliza tu katokea?

Nesi wa Usiku: Sio chai. Tezi ina seli C, zinatoa homoni ya kalsitonini. Saratani ikianzia humo, inaitwa ya medula, homoni na kemikali zingine zinamwagika kwenye damu, mtu anaharisha, uso unawaka, na vipimo vya kawaida vya tezi vinaweza kuwa safi kabisa. Kapime kalsitonini. Sisemi unayo, ila karibu mgonjwa 1 kati ya 4 ameirithi, ni jeni (chembe ya urithi) ya RET yenye kasoro, na mtoto wa mwenye nayo ana nusu kwa nusu kuipata. Sindano ile nyembamba siyo inayotapanya. Moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga? Waambie kabla ya upasuaji wowote, maana jeni hiyohiyo huleta uvimbe juu ya figo, na presha inaweza kupaa ghafla ukiwa kwenye nusukaputi.

Jicho Kavu: Samahani dada. Ila ungesema mapema.

Kipepeo: Kifo cha mama siwezi kukianza sentensi ya kwanza kwa watu nisiowajua. Nesi, moyo ndiyo unakwenda mbio, nilijua ni hofu. Sindano bado naiogopa, ila hiyo kalsitonini ni damu tu, kesho naenda kuiomba. Dada yangu ana watoto wawili, na ukimtajia ugonjwa halali. Kuna aliyewahi kumwambia nduguye jambo kama hili kwa simu? Mlianzaje?